Aliyeingia Zamu ya Pili

Hapana, hapo umekosea, na nnakwambia usoni. Eti mrushaji anayeingia wakati timu ishapigwa ni makapi ya timu, mtu wa kumalizia muda tu. Nani kakwambia? Wewe umewahi kukaa nyuma ya gongo? Mimi nimekaa. Miaka mitatu nimechuchumaa nyuma ya mpigaji, magoti yanalia, nadaka mipira ya watu sita mbalimbali, na kidole changu hichi cha shahada kimepinda mpaka leo, hakiingii pete. Kwa hivyo ukitaka kuzungumza habari za warushaji, kaa kitako kwanza unisikilize.

Beisboli sikusomeshwa na mtu. Nimejifunza kwenye simu, dukani Sib, hapa Oman, kati ya mteja na mteja, sauti nimezima mwenye duka asinisikie. Nikitazama video moja mara ishirini mpaka nijue kwa nini yule mtu kaweka mguu pale. Nikienda nyumbani namrushia ndugu yangu ndimu uani, mama anapiga kelele. Ndo chuo changu hicho.

Kwa asiyejua, mambo yenyewe si magumu. Mrushaji anasimama juu ya kijilima cha udongo, anamrushia mpigaji mwenye gongo. Mimi mdakaji niko nyuma ya mpigaji. Mpigaji akikosa mara tatu, katoka. Akipiga anakimbia vituo vitatu arudi nyumbani, pale alipopigia, apate pointi, na mpira ukimtangulia kituoni katoka. Wakitoka watatu, mnabadilishana. Sisi twacheza zamu saba, Ijumaa asubuhi, tumalize kabla watu hawajakwenda kukoga kwa ajili ya sala. Kurusha kunaua mkono. Ukirusha leo zamu tano, kesho hata kuchana nywele ni kazi. Basi timu inakuwa na anayeanza, na inakuwa na wa kumalizia, na huyo ndo kipenzi cha watu, anaingia zamu ya mwisho, mipira kumi na tano, anabebwa juu juu. Na yuko wa tatu ambaye hakuna anayemtaja. Huyu anaingia mapema, pale aliyeanza kashavunjwa na mchezo bado mbichi. Anazibeba zamu tano peke yake ili wenzake wasiuwe mikono yao kuziba tundu moja. Hapigiwi makofi, kwa sababu akiingia watu washanuna.

Wetu alikuwa fundi wa matairi Wadi Kabir. Si wa koo zetu hizi zilizorudi Oman kutoka Unguja. Katoka Dar es Salaam kwa viza ya kazi, na huko ndo alikocheza beisboli, sekondari. Mikono yake ina weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Mimi namwita kaka, yeye ananiita dogo. Nilimpenda kwa jambo moja. Mwaka wa kwanza nilipigwa gongo la kisogo, mpigaji kalizungusha likanifikia, nikaanguka kifudifudi mchangani. Wenzangu wakasimama duara wananitazama, mmoja anasoma Yasini kama nishakufa. Yeye kanibeba begani, kanitia kwenye pikapu ya gereji, na damu yangu yote ikamwagikia shingoni mwake. Kakaa hospitali mpaka alasiri na zile nguo, watu wanamkimbia wanadhani kaua mtu. Sikumwomba. Basi tangu siku hiyo mtu akimsema vibaya mbele yangu, mimi na yeye tunakamatana mashati.

Sasa ikatokea safari ya Dubai. Mashindano ya siku mbili, mechi tatu, na kila timu iandikishe watu kumi na wanne, hakuna wa kumi na tano. Sisi tulikuwa kumi na sita. Kaka aliitaka safari hii kuliko sote. Tangu aje Oman hajawahi kutoka ila gereji na chumba na uwanja. Aliomba ruhusa kwa mwenye gereji miezi miwili kabla, akapewa, akaja kunionesha ile karatasi iliyopigwa muhuri kama cheti cha harusi. Nahodha akasema orodha ataisoma baada ya mechi ya Ijumaa na watu wa Ruwi.

Hao wa Ruwi ni Wafilipino, wafanyakazi wa mahoteli na mahospitali, na mpira wanaujua. Hapa lazima nikueleze habari ya Ami, la sivyo hutafahamu kitu.

Ami ndo mrushaji wetu wa kuanza. Ni mkwe wake nahodha, baba wa mkewe, na sote tunamwita Ami. Kasomeshwa na serikali Marekani zamani, karudi na shahada na glovu mbili, na hii timu ni yeye kaianzisha. Zamani alikuwa moto. Sasa bega limekwisha. Zamu ya kwanza anarusha vizuri, ya pili mpira unaanza kuelea kama puto. Kila mtu analijua hilo, hata mbuzi wa Sib wanalijua. Lakini nani atamwambia? Sisi kwetu huwezi kumwendea mtu mzima, tena mkweo, ukamwambia mbele ya watu toka. Haisemeki. Basi timu ikawa na desturi yake. Nahodha anajaza kikombe cha maji, anakwenda nacho taratibu mpaka kwenye kijilima, anampa mrushaji. Mtu mwenye kufahamu anapokea maji na anatoa mpira. Kwisha, hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyevunjiwa heshima. Wote tunafanya hivyo. Isipokuwa Ami. Ami anapokea maji, anakunywa yote, anasema Alhamdulillah, anarudisha kikombe. Mpira anabaki nao.

Siku hiyo ya Ruwi zamu ya kwanza tu tulikula pointi nne. Mipira ilikuwa inapigwa inapita masikioni mwa watu wetu kama risasi. Mmoja ulimpata mlinzi wa kituo cha tatu kwenye goti, akaanguka anajivingirisha, mpaka leo anapanda ngazi upande upande. Nahodha akaenda na kikombe. Ami kanywa. Nahodha karudi na kikombe kitupu, hatutazami machoni.

Zamu ya pili ikawa machinjo. Pointi tatu nyengine, na hata mtu mmoja hatujamtoa. Mimi kila mpira ukifika mkononi nauona hauna uhai. Nilimwendea Ami, nikamwambia kwa adabu, Ami mkono vipi, pumzika kidogo. Kaniambia kwa Kiarabu nirudi mahali pangu. Nikarudi. Watu wao wawili wako vituoni, mpigaji wao kijana mfupi, mcheshi, muda wote ananitania, ananambia magoti yangu yatachoka kabla ya mdomo. Ami akarusha. Mpira ukamponyoka vidoleni, ukaja juu, na yule kijana alishajitupa mbele kupiga. Ulimpata chini ya jicho. Niliusikia mfupa. Sauti kavu, kama unavunja karara la mnazi lililokauka, na kijana akakaa chini pole pole kama aliyeambiwa akae, damu inamwagika puani, inamjaa viganjani.

Ami hakukusudia. Mimi nilikuwa hatua moja, niliona. Lakini wenzake hawakuona hivyo. Walimwona mzee aliyepigwa pointi saba kamlipukia mtu usoni. Wakaja wote, benchi zima. Wa mbele yao akawa anamwendea Ami mwenyewe, na mimi nikamkata njiani. Nakiri, ngumi ya kwanza ilikuwa yangu. Nilimpiga na ile barakoa ya chuma ya mdakaji, ya shavu, akaenda chini. Halafu sikumbuki mpango tena. Mtu kanipiga mdomoni, mdomo ukapasuka, nikameza jino. Wallahi nililimeza, nililisikia linapita. Mtu mwengine kanikaba kwa nyuma na mimi nikamng'ata mkono. Vumbi limejaa, watu wanapigana na glovu, viatu, chupa za maji zilizoganda barafu, na hizo chupa usizidharau, zinafungua kichwa. Refa wetu, mwalimu wa skuli, Mhindi mtaratibu kabisa, alikuwa anapuliza filimbi huku kajikinga na kiti.

Kilichonyamazisha ugomvi ni yule kijana mwenyewe. Alisimama, jicho limevimba kama chungwa, akawaambia wenzake kitu kwa lugha yao, wakaacha mmoja mmoja. Refa atoe nani aache nani, akatuacha sote. Wakampeleka kijana hospitali, mwengine akasimama kituo cha kwanza badala yake, ndo haki ya aliyepigwa na mpira. Vituo vyote vitatu vimejaa. Hakuna aliyetoka.

Na Ami bado yuko juu ya kijilima, na mpira mkononi.

Nahodha nikamwona anakwenda kujaza kikombe. Shati lake limechanika, sikio linachuruza damu, na anajaza maji polepole yasimwagike. Hapo ndipo mimi niliposhindwa kuvumilia. Nilipanda kwa Ami, nikamshika mkono, nikamfungua vidole kimoja kimoja. Alikuwa ana nguvu. Tulivutana pale mbele ya timu mbili, mimi kijana wa miaka ishirini na mbili na mtu aliyekuwepo siku ya aqiqa yangu. Kidole cha mwisho nilikivuta kwa nguvu mpaka akaguna. Nikautoa mpira. Alinitazama tu, akashuka.

Nikampa kaka. Yeye peke yake ndo aliyekuwa ananyoosha mkono wakati sisi tunapigana. Alikuwa nyuma ya uzio anarusha mpira ukutani, mmoja mmoja, anajipasha moto. Nilikasirika kidogo, mwenzetu hakuja kupigana. Nikamwambia. Akachukua mpira, akaufuta damu yangu kwenye suruali yake.

"Dogo, nikipigana natolewa," akasema. "Nikitolewa nani anarusha? Nenda kachuchumae."

Wa kwanza alimtoa kwa mipira mitatu. Wa pili akaupiga kwa ghadhabu, ukarudi moja kwa moja kama umetumwa, ukamgonga kaka kwenye mfupa wa mguu. Ulilia ko! Mtu wa kawaida angelala chini. Yeye kauokota huku anachechemea, kanirushia mimi nyumbani, mimi nikaupeleka kituo cha kwanza, wawili wametoka kwa pigo moja. Zamu imekwisha, hakuna pointi. Kavuta suruali juu, mguu una uvimbe kama yai, na mishono ya mpira imejichora kwenye ngozi.

Ilipofika zamu yake ya kupiga, wakalipiza. Tulijua watalipiza, na yeye alijua. Mpira wa kwanza wa mbavuni. Kapindana, kashusha gongo, katembea kituo cha kwanza mkono kaubana ubavuni. Mimi nikatoka mbio. Nilikuwa nishamfikia mrushaji wao nusu ya njia, nimekunja ngumi, nikasikia kola yangu inavutwa. Ni kaka. Kaacha kituo chake kuja kunishika. Kanivuta kwa kola mpaka benchi kama paka, kanikalisha, karudi kituoni anahema.

Karusha zamu ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Mbavu zile. Mguu ule. Kila akirusha nnasikia anavyotoa pumzi, kama mtu anachomwa kisu kidogo kidogo. Hakuruhusu pointi hata moja. Sikia vizuri, hata moja. Na warushaji wetu wengine wanne wamekaa kivulini muda wote huo wanakula sambusa, mikono yao mizima, kama hawajaamka. Ndo maana yake mtu huyu. Si pointi alizozuia tu, ni mikono minne aliyoiweka akiba. Kama ingekuwa mashindano, kesho yake tungekuwa na warushaji wanne wapya, na wa Ruwi wangekuwa wamechoka. Sisi tukapanda pole pole, moja, mbili, tukafika sita. Tukafungwa saba kwa sita. Pointi zote saba ni za Ami.

Nahodha wao kaja mwisho, kampita nahodha wetu, kampita Ami, kaenda kumpa kaka mkono. Kamwambia kwa kile Kiarabu cha kazini, rafiki, ukichoka na hawa njoo kwetu. Wote wakacheka, na kaka kacheka halafu kashika mbavu.

Tukakusanyika nyuma ya magari. Nahodha katoa simu, kasoma majina kumi na wanne. Jina la kaka halikuwemo. La Ami lilikuwa la kwanza.

Nikajaribu kuzungumza vizuri. Wallahi nilijaribu, mdomo umevimba, meno yananiuma. Nikamweleza hesabu. Mechi tatu siku mbili. Ami akivunjika mechi ya kwanza, utatumia warushaji wote kuziba, na siku ya pili utarusha na nini, mawe? Mchukue kaka, muache yeyote katika wale wanne. Nahodha alikuwa anafuta sikio lake na kanzu ya mtu.

"Huyo ni mtu wa kuingia tukifungwa," akasema. "Sisi hatwendi Dubai kufungwa."

Wengine wakacheka. Kaka yuko pale pale, anafunga bandeji mguuni, anasikia. Katia mkono mfukoni, najua ile karatasi ya ruhusa ilikuwemo.

Nilimpiga nahodha ya pua. Moja tu, lakini niliitoa tumboni. Pua ikalala upande. Akaanguka juu ya boneti, damu ikatapakaa kwenye kioo cha gari, na mimi nikampanda juu nikampiga tena ya kifua, ya shingo, popote, mpaka watu watano wakanibandua. Mmoja wao kaka. Kanitupa ndani ya pikapu, kaendesha mpaka kwetu, macho njiani. Nikadhani kafurahi moyoni. Tulipofika kazima gari.

"Nani kakutuma?" akaniuliza. "Mlango ulikuwa umerudishwa tu, wewe ukaupiga kufuli."

Sikumfahamu. Nilishuka nimenuna, na mimi nimempigania. Nikafahamu baada ya wiki, mama aliporudi kwenye khitma, kaniita jikoni na kisu cha vitunguu mkononi, na kwa alivyokishika nilibaki mlangoni. Kasema kakaa na mke wa Ami. Ami siku ile, nyuma ya magari, alikuwa keshanyanyuka. Alikuwa anataka kusema bega lake limekwisha, jina lake lifutwe, liandikwe la fundi wa matairi. Alishakohoa ili aseme. Ndipo mimi nikapiga ngumi.

"Na baada ya ngumi asingeweza tena?" nikamuuliza mama.

"Angesema, watu wangesemaje? Ami katolewa kwa kipigo cha mwana wa fulani. Mtu wa umri ule. Wewe huna akili."

Nikatoka uani nikapiga ukuta mpaka vidole vikatoka ngozi. Sasa unajua yote, na usidhani nimejificha. Nahodha alikuwa mjinga, Ami alikuwa mkaidi, lakini aliyemkosesha kaka ile nafasi kwa mkono wake ni mimi.

Jina langu likafutwa kwa ile ngumi, wakaenda Dubai bila yeye na bila mimi, na kaka hakuja tena mazoezini. Aliyekwenda alinisimulia. Mechi ya kwanza, zamu ya pili, Ami karusha na bega likachomoka. Alibaki kasimama, mkono unaning'inia kama si wake, na hakutaka kushuka. Safari hii walimshusha kwa machela. Wakaingia wale wanne mmoja baada ya mwengine, wakaziba, wakaziba, na wakashinda kwa pointi moja. Wakarukaruka. Siku ya pili hakuna mkono uliokuwa unanyanyuka. Akarusha mlinzi wa nyuma, mtu hajawahi kurusha maisha yake. Mpira wa tatu ulimrudi mdomoni, meno ya mbele mawili. Mechi ya pili walifungwa kumi na tisa kwa mbili. Ya tatu hawakuimaliza.

Mimi nishakwenda kwa Ami, mkono kaufunga shingoni. Nikambusu kichwa, nikamwomba radhi, akanipa kahawa. Nilipokuwa navaa makubadhi mlangoni kaniuliza, yule mwenzako mbavu zimepona?

Na jana nahodha kaja dukani. Pua imepinda, anapumua kwa mdomo. Katazama vifuniko vya simu kwanza, viwili vitatu, kama mteja. Halafu kasema Ami anamtaka fundi arudi, safari hii yeye ndo aandikwe wa kwanza, na mimi nimpelekee habari, kwa sababu yeye nahodha anaona haya kwenda Wadi Kabir.

Nikaenda. Kaka alikuwa anapiga tairi la lori kwa nyundo, pigo moja linatikisa gereji nzima, na kila akinyanyua anajikunja kidogo upande ule wa mbavu. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya Ami kukohoa. Hakusimamisha nyundo. Nyuma yake, kwenye msumari, imetundikwa fulana mpya ya Ruwi, bado ina mikunjo ya mfuko wa dukani.

"Ijumaa tunacheza na nyinyi," akasema. "Wamenambia nianze."

"Uanze?"

"Nianze mimi. Sijawahi kuanza." Akapiga tairi. "Wewe unataka nifanye nini, dogo?"

Nilikuwa na maneno mengi njiani, unanijua. Nikamshikia tairi tu. Timu ni yangu, na yeye ni wangu. Kaniambia nimjibu kesho. Haya, wewe mwenye kujua kila kitu: ungekuwa yeye, ungerudi?